Mzigo wa Mwenzio ni Kanda la Usufi: Kugawa Kazi ya Kikundi kwa Haki katika Somo la Fasihi

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, bila shaka umewahi kuiona hali hii. Umeingia katika darasa la kidato cha tatu lenye wanafunzi 55. Umewagawa katika vikundi 7 vya watu wanane hivi, ukavipa vikundi karatasi za manila na kalamu za wino mzito, kisha ukawaagiza wachambue wahusika wa riwaya teule. Darasa linachangamka. Unapopita baina ya madawati unaona vichwa vimeinamiana, nawe unaridhika kwamba somo linaendelea vyema. Hata hivyo, ukisimama kando ya kikundi kimoja kwa dakika tano bila kusema lolote, utaona mambo mengine. Wanafunzi wawili wanabishana juu ya kitabu. Mmoja anaandika wanayoyasema hao wawili. Mwingine ameshika rula, anapiga mistari. Wanne waliosalia wanasubiri kengele.

Katika darasa moja nililofundisha palikuwa na msichana mwenye mwandiko wa kupendeza mno. Kwa miaka miwili, kila kikundi alichowekwa kilimfanya katibu. Mimi mwenyewe nilimsifu mara nyingi mbele ya wenzake. Alipoingia kidato cha nne na kufanya mtihani wa mwigo, karatasi yake ya fasihi ilikuwa safi kama kawaida, lakini majibu yalikuwa orodha tupu: sifa za wahusika bila mifano, hoja bila maelezo. Nilimwita nikamwuliza kulikoni. Akanijibu kwa upole, "Mwalimu, mimi huandika tu yale wengine wamesema." Sikuwa na la kumwambia, kwani mgawo ule wa kazi niliuidhinisha mimi.

Makala haya yananuia kujibu swali ambalo tukio hilo liliniachia: je, kazi ya kikundi katika somo la fasihi igawanywe vipi ili kila mwanafunzi apate haki yake? Nitajaribu kuonyesha kwamba haki hapa si kila mtu kupewa kurasa sawa na mwenzake. Haki ni kila mmoja kupewa sehemu isiyoweza kukamilika bila yeye kusoma na kufikiri. Kazi inaweza kugawanywa. Usomaji wa matini haugawanyiki.

Kwa nini mzigo huelemea upande mmoja?

Aghalabu tunapoona wanafunzi wanategea kazi, tunawalaumu kwa uvivu. Uvivu upo, lakini hautoshi kueleza yote. Mwaka wa 1913 mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, alichapisha matokeo ya majaribio ambamo watu walivuta kamba, kwanza mmoja mmoja, kisha kwa vikundi. Aliona kwamba kadiri wavutaji walivyoongezeka ndivyo nguvu aliyoitoa kila mmoja ilivyopungua. Mwaka wa 1979 wanasaikolojia watatu wa Marekani, Bibb Latané, Kipling Williams na Stephen Harkins, walionyesha hali hiyo hiyo kwa watu walioombwa kupiga makofi na kupaza sauti. Mtu akiwa katika kikundi alijitahidi chini ya alivyojitahidi akiwa peke yake. Mwaka wa 1981 watafiti hao walionyesha jambo ambalo lina manufaa makubwa kwetu walimu: watu wanapojua kwamba mchango wa kila mmoja wao utatambuliwa, kule kutegea hupungua.

Wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya majaribio hayo. Ndiyo maana, sambamba na methali isemayo kidole kimoja hakivunji chawa, wana nyingine isemayo manahodha wengi chombo huenda mrama, na nyingine tena inayotuonya kwamba mtumai cha nduguye hufa maskini. Umoja ni nguvu, naam, lakini ni umoja ambamo kila mkono unaonekana.

Katika madarasa yetu kuna sababu nne zinazochochea tatizo hili.

Kwanza ni ukubwa wa kikundi. Kipindi chetu ni cha dakika 40. Ukiondoa dakika za kuwapanga wanafunzi, kutoa maagizo na kusikiliza ripoti, mjadala wenyewe hubaki na dakika 20 hivi. Katika kikundi cha watu wanane, kila mwanafunzi ana dakika mbili na nusu za kusema, hata kama zamu zitafuatwa kwa uaminifu. Katika kikundi cha wanne ana dakika tano. Hesabu hii pekee ingetosha kutufanya tuachane na vikundi vikubwa.

Pili ni aina ya swali. Swali kama vile "Taja sifa tano za mhusika mkuu" linaweza kujibiwa na mtu mmoja kwa dakika tatu, na hata haraka zaidi akiwa na mwongozo mkobani. Wenzake saba wafanye nini? Tumewapa watu wanane kazi ya mtu mmoja, kisha tunashangaa kuona saba hawafanyi kazi.

Tatu ni alama moja kwa wote. Kikundi kinapopewa alama 14 kati ya 20, mwanafunzi aliyejituma na yule aliyelala wote huandikiwa 14. Anayejituma hujiona mjinga, naye aliyelala hujiona mwerevu. Hayo ndiyo tunayowafundisha, ingawa hayamo katika maandalio yetu ya somo.

Nne ni mazoea. Mwenye mwandiko mzuri huwa katibu, msemaji hodari huwa msemaji, na yule aliyenyamaza jana hunyamaza leo. Katika shule za mseto, mara nyingi wavulana ndio husema ilhali wasichana ndio huandika. Hakuna aliyewapangia hivyo, lakini mwalimu asipoingilia kati mazoea hugeuka kuwa sheria.

Migawanyo mitatu tuliyoizoea

Tuangalie sasa namna tatu za kugawa kazi zinazotumika sana, na kasoro ya kila mojawapo.

(a) Kugawa kwa sura. Kitabu chenye sura kumi na mbili hugawiwa wanafunzi wanne, kila mmoja akasoma sura tatu na kuwafupishia wenzake. Mgawo huu unaonekana wa haki kwa sababu kurasa zinakaribiana. Ila mtahini hagawi kitabu hivyo. Karatasi ya tatu ya Kiswahili ya KCSE, yaani 102/3, ina alama 80, na mwanafunzi hujibu maswali manne ya alama 20 kila moja. Swali la dondoo humtaka aeleze msemaji, msemewa, mahali na sababu ya maneno hayo, kisha ayahusishe na kitabu kizima. Mwanafunzi aliyesoma sura tatu tu na kusimuliwa zile tisa hana njia ya kutoka hapo. Kazi iligawanywa kwa haki, lakini kitabu kilikatwa vipande.

(b) Kugawa kwa vipengele. Mmoja hupewa maudhui, wa pili wahusika, wa tatu mbinu za uandishi, na wa nne mandhari. Huu una nafuu, kwani humlazimu kila mmoja apitie kitabu kizima. Kasoro yake ni kwamba hutenga vitu ambavyo kwenye kazi ya fasihi haviishi mbalimbali. Chukua mfano wa Kidagaa Kimemwozea, riwaya ya Ken Walibora iliyokuwa kitabu teule katika muongo wa 2010, ambayo walimu wengi tunaikumbuka. Aliyepewa wahusika ataandika kwamba Mwalimu Majisifu ni mlevi na mwizi wa mswada wa Amani. Aliyepewa mbinu ataandika kwamba jina "Majisifu" ni majazi. Aliyepewa maudhui ataandika juu ya ufisadi. Wote watakuwa wamesema kweli, lakini hakuna atakayeuliza kwa nini mtu aliyepewa jina la kujisifu ndiye aishi kwa sifa za kazi asiyoiandika. Swali hilo, ambalo ndilo la uhakiki wenyewe, limeanguka katika ufa baina ya sehemu ya mmoja na ya mwingine.

(c) Kugawa kwa nyadhifa. Kuna mwenyekiti, katibu, msemaji na mtunza wakati. Nyadhifa hizi zina nafasi yake, hasa katika kudumisha nidhamu. Lakini tazama zinamdai nini kila mmoja. Mtunza wakati anahitaji saa. Katibu anahitaji kalamu. Mwanafunzi anaweza kutimiza wadhifa wake kikamilifu pasipo kukifungua kitabu. Huu ndio mgawo uliomdhulumu yule mwanafunzi wangu.

Misingi ya mgawo wa haki

Kutokana na kasoro hizo ninapendekeza misingi mitatu.

Msingi wa kwanza: kila mwanafunzi asome matini nzima kabla ya kazi kugawanywa. Hili si jambo la kujadiliwa na kikundi. Kabla ya kuwapanga wanafunzi, watolee jaribio fupi la maswali matano ya kuhakikisha usomaji, la mtu binafsi. Asiyekuwa amesoma hana cha kuchangia, na kumwingiza kikundini ni kuwatwika wenzake mzigo wake.

Msingi wa pili: kila sehemu iwe na fikra ndani yake. Jiulize kuhusu kila jukumu unalolitoa: je, mwanafunzi anaweza kulimaliza bila kutoa maoni yake na ushahidi kutoka kitabuni? Kama anaweza, jukumu hilo lisisimame peke yake. Liunganishwe na jingine. Kuandika, kupiga mistari na kutunza wakati ni kazi za zamu, zizunguke.

Msingi wa tatu: mizigo ipimwe kwa muda na ugumu. Wanafunzi wakiachiwa wagawane wenyewe, kila mmoja huiona sehemu ya mwenzake kuwa rahisi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kabla hawajaanza, waambie kila mmoja akadirie kazi yake itachukua muda gani, na wenzake wakubali au wapinge kadirio hilo. Mazungumzo hayo ya dakika tano huzuia manung'uniko ya wiki mbili.

Mfano wa kazi iliyogawanywa

Mwaka wa 1971, katika mji wa Austin, Texas, mwanasaikolojia Elliot Aronson alibuni utaratibu ambamo kila mwanafunzi wa kikundi hupewa kipande cha somo ambacho wenzake hawana. Wenye kipande kimoja kutoka vikundi mbalimbali hukutana kwanza wakakielewa, kisha kila mmoja hurudi kikundini mwake kuwafundisha wenzake. Utaratibu huo ulinuiwa kupunguza uhasama baina ya watoto katika shule ambazo ndiyo kwanza zilikuwa zimeacha kuwatenga wanafunzi kwa rangi. Unaweza kutumika katika fasihi kwa sharti moja: kinachogawanywa kisiwe kitabu, kiwe pembe za kulitazama swali moja.

Tuseme swali ni hili: "Mwandishi amemtumia Majisifu kuonyesha kwamba umaarufu si ushahidi wa ustadi. Jadili." Waweke wanafunzi wannewanne na ugawe hivi:

Mwanafunzi wa kwanza atafute matendo na maneno ya Majisifu mwenyewe. Anajionyeshaje? Ni wapi matendo yake yanakana maneno yake?

Mwanafunzi wa pili atafute wanavyomwona wengine: familia yake, wanakijiji, na watu wanaomjua kwa kitabu tu. Nani anamsifu, na nani anamjua zaidi?

Mwanafunzi wa tatu ashughulikie ufundi: jina lake, kinaya, na namna mwandishi anavyotufunulia siri ya mswada. Msomaji anaijua lini, na kwa nini si mapema zaidi?

Mwanafunzi wa nne amtazame Amani aliyeibiwa na Mtemi Nasaba Bora ambaye ni ndugu yake Majisifu. Je, wizi wa mswada na unyakuzi wa mali ni dhambi mbili au moja?

Kila mmoja alete ushahidi kutoka sehemu mbili tofauti za kitabu, na sentensi moja ya hitimisho aliyoitunga mwenyewe. Wenye pembe moja wakutane kwa dakika kumi, kisha warudi kwenye vikundi vyao. Hatimaye kila mwanafunzi aandike insha nzima, akitumia pembe zote nne. Utaona kwamba hakuna sehemu inayoweza kunakiliwa moja kwa moja kutoka mwongozo, na hakuna anayeweza kumaliza insha bila kuwasikiliza wenzake watatu. Siku hizi, ambapo mwanafunzi mwenye simu anaweza kuiomba programu ya akili unde imwandikie uchambuzi, ni muhimu zaidi kumdai asimame mbele ya wenzake, afungue ukurasa, na aeleze kwa nini amesema alivyosema.

Utafiti wa nyanjani katika fasihi simulizi

Mradi wa fasihi simulizi ndio unaoleta malalamiko mengi zaidi, kwa kuwa hufanyika mbali na macho ya mwalimu, mara nyingi wakati wa likizo. Kazi zake ni nyingi: kutambua fanani, kuomba ruhusa, kuandaa maswali, kurekodi, kunukuu, kutafsiri, kuchanganua na kuwasilisha. Kwa mtazamo wa haraka mtu atadhani kurekodi ndiyo kazi kubwa. Lakini ngano iliyosimuliwa kwa dakika kumi inaweza kumchukua mwanafunzi saa nzima au zaidi kuinukuu neno kwa neno, na muda huo huongezeka ikiwa lazima itafsiriwe kutoka lugha ya mama hadi Kiswahili. Ukimpa mmoja kurekodi na mwingine kunukuu, umempa mmoja matembezi na mwingine adhabu.

Hivyo, kazi za namna hiyo zikatwe vipande na kila mmoja apate sehemu. Dakika kumi za sauti zikigawanywa kwa wanne, kila mmoja ananukuu dakika mbili na nusu, kisha wanabadilishana ili kila mmoja asahihishe ya mwenzake. Kila mmoja pia ahudhurie uwasilishaji angalau mara moja. Anayesoma ngano kwenye karatasi tu, bila kumwona fanani akibadilisha sauti na hadhira ikimwitikia, hajajifunza fasihi simulizi. Amesoma hadithi fupi.

Kuna suala la lugha. Shule nyingi zina wanafunzi kutoka jamii mbalimbali, na kikundi kinapokwenda kwa mzee wa mahali pale, huenda ni mmoja tu anayeifahamu lugha yake. Huyu hufanywa mkalimani, mwulizaji na mfasiri, akachoka, nao wenzake wakawa abiria. Mpunguzie kazi nyingine zote za mradi. Wasioielewa lugha wapewe kazi inayofaa macho yao: kuandika jinsi fanani anavyotumia ishara, maleba na mapumziko ya sauti, mahali ambapo hadhira inacheka au kuitikia, na nani ameketi wapi. Asiyeelewa maneno huyaona mambo haya vizuri kuliko anayeyaelewa, na hayo nayo ni sehemu ya uchanganuzi wa utendaji.

Daftari la mgawo

Ili mchango wa kila mmoja uonekane, kikundi kiwe na daftari moja dogo lenye safu nne: jina, kazi aliyopewa, siku ya kuikamilisha, na kilicholetwa. Safu ya nne ndiyo muhimu. Isiandikwe "amemaliza", iandikwe kilicholetwa hasa: "sehemu mbili kuhusu Nasaba Bora na sentensi ya hitimisho." Daftari litunzwe kwa zamu, wiki moja kwa kila mwanafunzi. Mwalimu alitazame mara moja kwa wiki, hata kwa dakika mbili. Wanafunzi hawahitaji kuchungwa. Wanahitaji kujua kwamba kuna mtu atakayeuliza.

Hali zinazohitaji busara

Mgawo wa haki haufanani na mgawo wa kiungo cha pilau, kila sahani kijiko. Kuna hali zinazomtaka mwalimu apime.

Mwanafunzi aliyerudishwa nyumbani kutafuta karo hukosa siku kumi, akirudi anakuta kikundi kimesonga mbele. Wenzake husema hajafanya chochote, na kwa kweli hajafanya. Lakini kumwandikia sufuri ni kumwadhibu kwa umaskini wa wazazi wake. Mpe sehemu ambayo bado iko mbele, kwa mfano kusoma rasimu yote na kuandika pingamizi tatu dhidi ya hoja za wenzake. Kazi hiyo ni nzito, ina faida kwa kikundi, na haihitaji awe alikuwapo.

Mwanafunzi wa kutwa anayefika nyumbani jioni na kukuta mifugo, wadogo zake na taa isiyo na mafuta, asipangiwe kazi ya usiku. Sehemu yake ifanyike shuleni.

Anayesoma polepole asipewe sehemu isiyo na fikra kwa kumhurumia. Mpe sehemu fupi ya kuchambua kwa kina: shairi la beti nne, au ukurasa mmoja wa tamthilia. Apunguziwe kurasa, asipunguziwe kufikiri.

Mwanafunzi hodari naye ana haki yake. Ni desturi kumweka katika kikundi dhaifu "awainue wenzake." Akifanya hivyo mara moja ni vyema. Akifanya hivyo miaka minne, tumemfanya mwalimu msaidizi asiye na mshahara, na hakuna aliyemwinua yeye. Mara nyingine mweke na walio sawa naye, apate wa kumpinga.

Wa mwisho ni anayetegea kwa makusudi. Wenzake wasilazimishwe kumfunika wala kumhukumu. Kikundi kiruhusiwe kuwasilisha kazi yake ikiwa na nafasi tupu pale sehemu yake ilipopaswa kuwa, nao wasikatwe alama kwa pengo hilo. Nafasi tupu kwenye manila husema mengi kuliko karipio la mwalimu.

Kutoa alama

Mgawo wa haki ukifuatwa na alama zisizo za haki, tumejenga nyumba na kusahau paa. Napendekeza alama zigawanywe nusu kwa nusu. Ikiwa mradi una alama 20, alama 10 ziwe za kazi ya pamoja: muungano wa hoja, usahihi wa ushahidi, na lugha. Alama 10 ziwe za mtu binafsi, na hapa njia rahisi ni kura. Siku ya kuwasilisha, andika majina kwenye vikaratasi na uokote. Anayetokea aeleze sehemu ya mwenzake, si yake, kwa dakika mbili. Wanafunzi wakijua hivyo tangu mwanzo, watafundishana, kwani hakuna ajuaye ataulizwa nini.

Wanafunzi kupimana wao kwa wao kuna faida, lakini tahadhari inahitajika. Marafiki hupeana alama za bure, na waliogombana uwanjani hulipizana kisasi darasani. Badala ya kuwaomba wapeane alama, waombe kila mmoja aandike kwa siri jambo moja alilojifunza kutoka kwa kila mwenzake. Jina lisilotajwa na yeyote litakuonyesha pa kuanzia kuuliza. Huenda ni mvivu. Huenda pia ni mtu ambaye wenzake hawakumpa nafasi.

Mtaala wa umilisi, ambao wanafunzi wake wa kwanza waliingia Gredi ya 10 mnamo Januari 2026, umeiweka stadi ya mawasiliano na ushirikiano miongoni mwa umilisi wa kimsingi. Miradi ya vikundi itazidi. Tusipojua kuigawa, tutawazidishia waliokuwa wakionewa uonevu.

Hitimisho

Fasihi tunayoifundisha imejaa watu wanaokula jasho la wengine. Darasa linamlaani Majisifu kwa kuweka jina lake juu ya kazi ya Amani. Kisha, kipindi hicho hicho, majina manane yanaandikwa chini ya manila iliyotokana na fikra za watu wawili. Wanafunzi wetu wanauona mgongano huo hata kama hawausemi. Tukitaka waiamini fasihi, hatuna budi kuanza kwa kuwaandikia majina yao pale tu kazi yao ilipo, na kuhakikisha kila mmoja ana kazi ya kuandikiwa jina.

Kuhusu yule msichana, muhula uliobaki niliuanza upya. Nilimweka katika kikundi cha wanne na kumkataza kushika kalamu wakati wa mjadala. Vipindi viwili vya kwanza hakusema neno, nami niliogopa kwamba nimemwongezea adhabu. Kipindi cha tatu wenzake walikuwa wamekubaliana kwamba Majisifu ni mwizi tu, basi. Akasema kwa sauti ndogo kwamba si mwizi tu, ni mtu mwenye hofu, kwa sababu anayejua hakukiandika kitabu lazima amwogope kila anayekisoma. Wenzake wakanyamaza. Kisha mvulana aliyeketi karibu naye akaichukua kalamu, akaiandika hoja hiyo kwenye daftari, kwa mwandiko mbaya ajabu. Ninalo daftari hilo hadi leo.